Mwana Aliyerudi Mara ya Tisa



Barua nyingi huletwa mezani petu kutuarifu habari za sherehe za parokia, za jubilei za masista, za makanisa yaliyoezekwa upya. Juma hili tumepokea moja isiyotuarifu sherehe yoyote. Imeandikwa na mama mmoja wa Dar es Salaam, kwa kalamu ya risasi, katika karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule. Jina lake na jina la parokia yake twayaweka moyoni. Anatuuliza swali, nasi tumeona si vema kulijibu kwa faragha, kwa sababu twajua nyumba nyingi za Wakristu katika nchi hii, toka Tanga hata Mbeya, ambamo swali lilo hilo huulizwa kila usiku wala haliandikwi.

Mama huyu ana kijana wa miaka 26. Alibatizwa, akapokea Komunyo ya kwanza, akawa mtumishi wa altare mpaka alipomaliza darasa la saba. Sasa yapata miaka sita anatumia unga, yaani heroini. Ameuza sufuria za nyumbani, ameuza pasi na redio, amebandua mabati mawili ya banda la kuku, na mwisho aliuza sare ya kwaya ya dada yake. Hulala chini ya daraja pamoja na wenziwe, na mchana huokota vyuma chakavu. Kila baada ya miezi michache hurudi kwao amekonda, analia, anaapa kwa jina la Mungu kwamba ameacha. Mama humpokea, humwogesha kama mtoto, humpikia uji. Siku ya nne au ya tano kitu hupotea nyumbani, na kijana hupotea nacho. Mama amehesabu: mara nane amempokea. Mara ya tisa alikuja usiku wa manane akabisha, na mama hakufungua. Akamsikia akikaa barazani mpaka alfajiri, akikohoa.

"Je, nimetenda dhambi?" auliza mama huyu. "Na jirani yangu wa jumuiya ameniambia nimhesabu kuwa amekufa, nimwombee kama marehemu nipate kupumzika. Je, yafaa?"

Swali la pili hatuna haja ya kulifikiri. Halifai. Mtu aliye hai huombewa kama mtu aliye hai. La kwanza ni zito zaidi.

Kila mmoja wetu akiisikia habari hii hukumbuka mara moja mfano wa Mwana Mpotevu katika Injili ya Mtakatifu Luka, naye mama huyu ameukumbuka. Ndio uliomfanya ashike kalamu. Lakini hebu tuufikiri mfano huo vizuri. Kijana alirudi mara moja. Baba akamkimbilia, akamvika joho na pete, ndama akachinjwa, na Bwana Wetu akaishia hapo. Hakutuambia mwezi wa pili baada ya karamu mambo yalikuwaje. Hakutuambia kama ile pete iliuzwa sokoni. Hatuna shaka kwamba aliishia hapo kwa hekima, maana alitaka tuuone moyo wa baba. Walakini mama huyu anaanzia pale mfano ulipokoma. Yeye amekwisha kumchinjia ndama mara nane.

Kabla ya kumjibu, tuseme kwanza jambo ambalo wengi wetu twalijua nusu tu. Heroini hutengenezwa kwa afyuni, ambayo ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Mmea huo haulimwi kwetu. Unga huu hutoka mbali, sehemu kubwa upande wa Afghanistan, ukavushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi mpaka pwani yetu, na watu wanaoutajirikia si hao tunaowaona wamesinzia kando ya jalala. Mwanzoni kijana hutafuta raha. Lakini mwili huuzoea upesi, na baada ya muda hatafuti raha tena, hutafuta tu asiumwe. Akikosa kete yake siku moja, pua na macho hutiririka, jasho la baridi humtoka, mifupa humuuma kama inayopigwa nyundo, tumbo humkata, hutapika na kuhara, na usingizi humkimbia. Wenyewe huiita hali hiyo arosto. Madaktari wanatufundisha kwamba ubongo wenyewe umebadilika, wala haurudi ulivyokuwa kwa siku moja, hata kama mtu ameazimia kwa moyo wake wote.

Ndiyo kusema kwamba kijana anapoapa mlangoni, mara nyingi hasemi uongo. Asema kweli ya saa ile. Ni mwili wake utakaomkana baada ya siku mbili.

Na hapa tutoe onyo, maana huenda likaokoa uhai wa mtu. Yako majamaa ambayo, kwa huruma isiyo na maarifa, humfunga kijana kamba chumbani, au hukusanya wajomba wampige mpaka aape. Mwili uliokaa bila unga kwa majuma kadhaa husahau kipimo chake cha zamani. Kijana huyo akitoroka na kutumia kiasi kilekile alichokizoea, pumzi yake yaweza kukatika pale pale. Vivyo hivyo kwa yule aliyetoka gerezani. Wengi wanaokutwa wamekufa vichochoroni si waliozidisha uovu, bali ni waliokuwa wamejaribu kuacha.

Je, twataka kusema kwamba hakuna dhambi? La hasha. Wizi ni wizi, na sare ya kwaya ya dada ilikuwa mali ya dada. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba ni kosa zito, na kwamba wanaozitengeneza na kuzifanyia biashara hushirikiana na uovu mkubwa. Lakini Katekisimu hiyohiyo, katika kifungu cha 1735, inatufundisha kwamba lawama ya mtu kwa tendo lake yaweza kupungua, hata pengine kuondoka kabisa, kwa sababu ya hofu, au shuruti, au mazoea yaliyomkamata. Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa. Anayesema kwamba mraibu ni mgonjwa tu asiye na kosa, na anayesema kwamba ni mwovu tu asiye na ugonjwa, wote wawili wamesoma ukurasa mmoja wakauacha mwingine.

Sasa tumwambie mama huyu habari za mtakatifu ambaye yamkini hajapata kumsikia. Jina lake ni Marko Ji Tianxiang. Alizaliwa katika jimbo la Hebei, kaskazini ya China, katika jamaa ya Wakristu, katika karne ya 19. Alikuwa tabibu, mtu wa heshima katika kijiji chake, aliyewatibu maskini bila kuwatoza fedha. Alipokuwa mtu mzima alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akajitibu kwa afyuni, dawa ya kawaida siku zile. Maumivu yakapoa, afyuni ikabaki. Tabibu akawa mtumwa wa dawa yake mwenyewe.

Basi akaenda kuungama. Akaungama, akaanguka, akaungama tena, akaanguka tena. Siku zile hakuna aliyejua kwamba huo ni ugonjwa. Padre wake akaona kwamba mtu huyu hana nia ya kweli ya kuacha, akamkatalia maondoleo mpaka atakapoacha. Hatumlaumu padre yule kwa ukali. Alitenda kwa kadiri ya ujuzi wa nyakati zake. Lakini tuangalie yaliyofuata. Kwa miaka thelathini hivi Marko Ji hakupokea Komunyo. Wanakijiji walimdharau, maana waraibu wa afyuni walikuwa aibu ya nchi. Angeweza kusema, "Kanisa limenikataa, nami nalikataa." Hakusema. Kila siku ya Misa alikuwapo. Aliwalea watoto wake katika imani. Na kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kufika mbinguni, aliomba jambo moja, kwamba Mungu amjalie kufa shahidi.

Mwaka 1900 likatokea kundi lililoitwa Mabondia, wakiwawinda wageni na Wakristu wa China. Marko Ji akakamatwa pamoja na mwanawe, wakwe zake na wajukuu zake. Mtu akitazama kwa macho ya dunia angesema huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkana Kristu, maana alikuwa ameshindwa mara elfu mbele ya afyuni. Hakukana. Aliwaomba wauaji wamwache awe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa jamaa yake atakayekufa peke yake. Akasimama karibu nao mmoja mmoja walipokatwa vichwa, na ilipofika zamu yake alikuwa akiimba Litania ya Bikira Maria. Tarehe 1 Oktoba 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wengine wa China.

Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Twawajua watakatifu waliokuwa walevi wakaacha, au waasherati wakaongoka, nasi huwapenda kwa sababu habari zao huishia vizuri kwa kadiri ya matakwa yetu. Hakuna aliyeandika kwamba Marko Ji alipona. Kwa yote tunayoyajua, alikwenda kuuawa angali mraibu. Kanisa halikumweka altareni kwa sababu alishinda afyuni, bali kwa sababu hakuacha kurudi.

Kwa hiyo, mama mpenzi, kijana anayerudi mara ya tisa hajakudhihaki. Siku atakapoacha kurudi ndipo utakapokuwa na sababu ya kuogopa.

Lakini mlango? Umetuuliza juu ya mlango, nasi tusikukwepe. Nyumbani mwako mna binti anayesoma, na mama yako mzee, na mali kidogo ambayo ndiyo chakula chenu. Hao nao ni jirani zako, nao wana haki ya kulala kwa amani. Baba wa Injili hakumfuata mwanawe katika nchi ya mbali na mfuko mwingine wa fedha. Kufunga chumba kwa kufuli si dhambi. Kukataa kumpa fedha si dhambi. Mara nyingi ni wajibu, maana fedha iliyotiwa mkononi mwake leo ni kete kabla ya jua kuchwa. Kumwambia, "Mwanangu, ndani hutalala, bali barazani nitakuletea chakula, na kesho tutakwenda pamoja hospitali," hilo si kumfukuza. Dhambi ingalikuwa kumlaani. Dhambi ingalikuwa kumtangaza kuwa si mwanao. Na usiku ule uliposikia akikohoa, ukalia nyuma ya mlango uliofungwa, twaamini Mungu aliona pande zote mbili za mlango ule.

Tumetambua jambo moja katika barua yako, nasi twaliona katika barua nyingi za namna hii: baba hatajwi. Kama amefariki, Mungu amrehemu. Kama yu hai, twamwuliza yeye swali lako.

Na sasa tugeuke kwetu sisi, Wakristu wa viti vya mbele. Zile sufuria ziliuzwa kwa nani? Ile pasi yenye thamani ilinunuliwa na nani kwa bei ya karanga? Yuko mtu aliyeona mikono ya kijana ikitetemeka, akajua wazi kitu kile ni cha wizi, akakitaka kwa sababu ni rahisi. Hatuambiwi kwamba anakula unga. Yamkini Jumapili hupokea Komunyo bila mtu kumtazama. Hali kadhalika twawacheka mateja huku tukimsamehe jirani anayekunywa gongo mpaka kuwapiga watoto wake, eti huyo ni mcheshi tu, amelewa. Pombe nayo imewalaza wengi barabarani.

Mjini Dublin, nchi ya Ireland, alizaliwa mwaka 1856 mfanyakazi mmoja wa vibarua, Matt Talbot. Alianza kunywa angali mtoto, akinywa mshahara wote, na siku moja yeye na wenziwe walimwibia mpiga fidla wa mitaani fidla yake, chombo alichopatia riziki, wakaiuza wanywe. Mwaka 1884 akaweka ahadi ya kutokunywa, akaishika mpaka alipofariki mwaka 1925. Alimtafuta yule mpiga fidla miaka mingi ili amlipe, asimwone, mwisho akatoa fedha zile Misa ziombwe kwa ajili yake. Kanisa lilimpa heshima ya kuitwa Mtumishi wa Mungu Mstahiki mwaka 1975. Twamtaja kwa sababu ya fidla ile. Mtu aliyepona hukumbuka alichoiba. Basi tusimfungie njia ya kulipa kwa kumwita mwizi maisha yake yote.

Ndugu wasomaji, katika nchi yetu tiba ipo, na wengi hawajui. Tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili hutoa dawa iitwayo methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafikishwa hospitali nyingine za Dar es Salaam, Zanzibar na mikoa kadhaa. Mgonjwa hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, kwa kawaida kila siku. Arosto humwacha, kichwa humtulia, huweza kufanya kazi na kulala kwake. Tumesikia waumini wakisema kwamba hiyo ni kubadilisha dawa ya kulevya kwa dawa nyingine. Methadoni ni ya jamii ileile, ni kweli. Lakini hukaa mwilini kwa muda mrefu, haimpandishi mtu na kumwangusha mara nne kwa siku, wala haipatikani kwa kuiba. Mtu aliyevunjika mguu hatumnyang'anyi gongo kwa kumwambia atembee kama Adamu alivyoumbwa. Na kama Marko Ji angalipewa tiba ya namna hii, nani kati yetu angalithubutu kumzuia?

Dawa hutolewa bure. Nauli hailipwi. Hapo ndipo wengi hukwama: kijana wa Mbagala au wa Bunju anatakiwa kufika kituoni kila asubuhi, naye hana kazi, na akitembea kwa miguu hupita katika maskani yaleyale aliyoyakimbia. Jumuiya zetu hukusanya mchango mkubwa mtu akifa. Jeneza huwa zuri, mashada huwa mengi, na mateja waliokuwa rafiki za marehemu husimama mbali, nyuma ya ukuta, wakiona haya kukaribia. Sehemu ndogo ya mchango ule ingalimpeleka kituoni miezi mitatu akiwa hai. Jumuiya moja ikichukua kijana mmoja, kwa zamu, mzee huyu Jumatatu na mama yule Jumanne, wakampandisha daladala na kungoja mpaka anywe, hiyo itakuwa zaidi ya hotuba zetu zote, na hii tunayoiandika ikiwamo.

Na wale wasio na kwao kabisa, wanaolala kwenye ngazi za maduka? Huko Roma, mwaka 1783, Jumatano ya Juma Kuu, maskini mmoja Mfaransa alianguka nje ya kanisa. Alikuwa amevaa matambara, amejaa chawa, na kwa miaka mingi alikuwa akilala katika magofu. Mwuza nyama mmoja akamchukua mpaka nyumbani kwake, akamlaza kitandani, na jioni ileile maskini akafariki humo. Alikuwa Benedict Joseph Labre, ambaye leo twamwomba kama mtakatifu. Mwuza nyama hakujua hilo alipombeba. Alijua tu kwamba mtu ameanguka.

Mama aliyetuandikia tulimpelekea majibu haya kwa ufupi kabla ya kuyachapa, tupate ruhusa yake. Ametujibu kwamba kijana alikuja Jumanne jioni. Alikula barazani, ugali na dagaa, akauliza habari za bibi yake. Mama akamwambia juu ya hospitali, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda naye. Kijana akasema atafikiri, akanawa mikono, akaondoka. Mpaka tunapeleka gazeti mitamboni hajarudi. Padre wa parokia amepewa habari, na wazee wawili wa jumuiya wamesema watakwenda kumtafuta kule darajani Jumapili baada ya Misa ya pili.